Mkalimani wa "Baba Hasamehi"

Sikumpenda, na sitaanza leo. Sasa amehama, hayupo tena mtaani petu, na watu wa Buffalo wanamsimulia kwa wema mpaka mtu unajiuliza kama ni yuleyule. Ni haki yao, hasa wale ambao hawakuwahi kukaa naye chumba kimoja televisheni imewashwa. Mimi nilikaa naye. Nilimjua nikiwa mtoto kambini Tanzania, nikamkuta tena Louisville tulipoletwa Marekani, halafu nikahamia Black Rock, mtaa wa hapa Buffalo, nikidhani nimepumzika, haukupita mwaka akanunua nyumba inayotazamana na yangu.

Jina analo, ila halikuwa na kazi. Wote tulimwita Mkalimani, na yeye aliitika kama mtu aliyepewa cheo na serikali.

Cheo chenyewe alikipata kambini, kwenye banda la video. Lilikuwa banda la miti na turubai, deki moja, televisheni moja, jenereta nje inakohoa. Picha zilizoletwa zilikuwa za Kihindi na za Kichina, na sisi Warundi na Wakongo hatukujua neno hata moja la watu hao. Basi mtu mmoja hukaa kando ya televisheni na maikrofoni, akatusemea kinachosemwa. Anakuwa staring, anakuwa jambazi, anakuwa mama mkwe, anakuwa mtoto mchanga. Mtu huyo alikuwa yeye. Alipokuwa mwanamke alibana pua. Alipokuwa baba mwenye nyumba aliishusha sauti mpaka tumboni, na hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Sasa nikuulize, alikuwa anajua Kihindi? Hakujua. Hakujua hata kuagiza chai kwa Kihindi. Na ile picha iliyompa jina, aliyoionyesha mpaka kaseti ikaanza kutoa mvua kwenye kioo, haikuwa hata ya Kihindi hicho alichosema anakijua. Ilikuwa ya Kitamil, lugha ya watu wa kusini kabisa kule India, na kwake hayo yote yalikuwa kapu moja. Aliangalia midomo ya watu na mikono yao, akatunga. Sisi tulilia machozi ya kweli kwa maneno yaliyokuwa yanatoka kichwani mwa jirani yetu.

Picha hiyo aliipa jina mwenyewe, akaliandika kwa chaki kwenye ubao nje ya banda: Baba Hasamehi. Hadithi yake, jinsi alivyotuambia yeye, ni hii. Kuna baba mwenye mashamba ya mpunga, mama amekufa, kabaki na binti mmoja anayempenda kama mboni ya jicho. Binti anampenda mpiga ngoma wa kijijini. Baba anakataa, binti anaondoka na mpiga ngoma wake. Miaka inapita, baba anazeeka peke yake. Mwishoni baba anatembea njia ndefu juani, anafika kwenye kibanda cha binti, na hapo mlangoni, akasema Mkalimani kwa sauti ya tumboni, "Nimekuja kukuambia usikanyage hata mazishi yangu." Binti anainama anamshika miguu, analia, anaomba radhi. Baba anatazama mbali. Picha inaisha.

Banda zima lilipiga makofi. Wazee waliokaa mbele walitikisa vichwa wakasema huyo ndiye mwanamume. Na mimi na rafiki yangu Jeanine, binti yake Mkalimani, ambaye mama yake alizikwa kambini yeye Jeanine akiwa hajui hata kutembea, tulikaa pale mbele kwenye vumbi tukalia pamoja na binti wa kwenye picha. Jeanine aliijua picha ile kwa moyo. Angeweza kukusemea baba, binti, na ng'ombe.

Kuna jambo ambalo hata utotoni liliniudhi. Picha ile ilikuwa na wimbo. Uliimbwa mwanzoni, ukarudi katikati polepole, ukarudi mwisho kwa filimbi tupu. Ulikuwa mzuri mpaka unapata njaa. Na yeye kila ulipoanza alipunguza sauti ya televisheni ili aongee. Alitueleza wimbo unasema nini, kisha akawakaripia waliokaa kwenye njia, kisha akatangaza picha ya kesho. Wimbo uliisha hatujausikia. Tuliuokota vipande vipande kati ya maneno yake, na kwaya ya kambini ikauokota hivyohivyo, ikautia maneno ya kanisani. Mpaka leo tunauimba hapa Buffalo ukiwa na viraka vyake.

Mazoea ya maikrofoni hayakumtoka. Kanisani kwetu Riverside mchungaji anahubiri Kiswahili, na yeye alijipa kazi ya kuwatafsiria Kirundi bibi zetu wasiokisikia vizuri. Mchungaji akisema sentensi moja, Mkalimani anasema kumi. Mchungaji anasubiri, anafuta jasho, anatazama saa. Siku moja mahubiri yalikuwa ya unyenyekevu, na bibi zetu walitoka wakijua kwamba Mungu anawachukia watu wanaoegesha magari vibaya nyuma ya kanisa. Aliwasindikiza watu kliniki pia, awasemee Kiingereza chake. Bibi mmoja alikwenda kwa ajili ya goti, akarudi amepimwa macho. Mkalimani alipoulizwa alisema macho nayo yalihitaji.

Na alikuwa na neno lake, kila mtu mtaani analijua. Ukimweleza jambo lolote, theluji inakuja, bosi wa kiwandani kabadilika, kijana wa fulani kaanza kunywa, anainua kidevu anasema, "Picha hii nimeshaiona." Maana yake nyamaza, mwisho naujua. Hakuna mtu aliyewahi kumaliza hadithi mbele yake.

Kilichonichosha ni kwamba hakuwa mtu mbaya moja kwa moja, ungemchukia ukapumzika. Theluji ikianguka alichukua koleo akasafisha kwanza mbele ya mlango wa Mama Furaha, mjane wa Uvira tuliyekuwa naye kambini, sasa anakaa pembeni yetu, ndipo akasafisha kwake. Familia mpya ikifika kutoka Afrika, sufuria ya kwanza ya maharage ilitoka jikoni kwake. Msibani alikuwa anaosha vyombo mwanamume mzima, amekunja mikono ya shati alilolipiga pasi mwenyewe. Halafu ukitaka kumsifu, anafungua mdomo.

Mtu huyohuyo alimfukuza binti yake.

Hiyo ilikuwa Louisville, tulipokuwa bado wageni. Kanisa letu kule lilikuwa na kijana mpiga kinanda, Mkongo, mpole, mikono mirefu. Mkalimani alimsifu kila Jumapili, "Kijana huyu ana mkono." Alimsifu mpaka siku Jeanine alipomwambia baba yake kwamba ndiye anayetaka kuolewa naye. Mkalimani akainua kidevu. "Picha hii nimeshaiona," akasema. Mpiga ngoma, mpiga kinanda, kwake ni mtu mmoja. Jeanine akasema yeye haombi ruhusa, anampa baba taarifa kwa heshima. Basi baba akasimama katikati ya sebule, akamfukuza kwa ile sauti ya tumboni, maneno yaleyale ya kwenye banda la video, usikanyage hata mazishi yangu. Jeanine aliniambia alitaka kucheka, akadhani ni mchezo, mpaka akaona begi lake limewekwa nje kwenye ngazi.

Nilimchukia siku ile na ninasema wazi. Mwanamke amezaliwa kambini, kakulia kwenye foleni ya maji, kafika nchi ya watu ana mtu mmoja tu wa damu yake, na mtu huyo anamfukuza kwa maneno ya picha ambayo hata haijui.

Jeanine na mume wake walihamia Columbus, kazi za ghala zilikuwa nyingi kule. Baba akaja Buffalo kwa sababu ya nyumba za bei nafuu. Jeanine alimpigia simu, akajibiwa, "Kwa simu hakupigwi magoti." Ndivyo alivyokuwa anangoja. Alikuwa anangoja binti afike mlangoni ainame, kama kwenye picha. Na Jeanine akaapa hatainama. "Nikipiga magoti," aliniambia, "nitakuwa nimesema mume wangu ni kosa. Mume wangu si kosa." Nilimwambia yuko sawa, na bado ninasema alikuwa sawa.

Halafu akajifungua. Mtoto wa kike, ana kidevu cha babu yake, maskini. Siku ya kumpeleka kanisani kuwekwa wakfu ilipokaribia, Jeanine alinipigia. Hakulia. Alisema, "Mwambie Mzee aje. Sihitaji aseme kitu, akae tu kwenye kiti. Asipokuja safari hii sitamwita tena. Mtoto nitamwambia babu yake alifia kambini, na wewe usije ukamwambia vingine."

Nilivuka barabara nikampa ujumbe kama ulivyo. Alikuwa anapiga pasi. Akasema, "Binti ndiye anayekuja kwa baba." Nikamwambia Mzee, picha si Biblia. Akanyoosha kola, akasema hiyo picha nimeshaiona mara nyingi kuliko wewe ulivyokula.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wiki ileile nilikuwa natandika kitanda, hasira zimenijaa, na mimi nikiwa na hasira huimba bila kujijua. Nikaimba ule wimbo, bila maneno. Nesi wetu mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa anapita na trei ya dawa. Akasimama mlangoni.

"Huo umeutoa wapi?" akauliza.

Nikamwambia kambini, kwenye picha. Akaweka trei chini. Alisema yeye ni Mtamil, na wimbo huo mama yake alikuwa anauimba jikoni. Kisha akauimba, na maneno yake, mwanzo mpaka mwisho, bila mtu juu yake anayeongea. Nilikuwa sijawahi kuusikia mzima. Nilikaa kwenye kitanda cha watu nikalia, mzee mwenye kitanda ananitazama kutoka kwenye kiti chake.

Saa ya chakula akanieleza. Mwanzoni, baba anamwimbia binti akiwa mdogo kwenye bembea. Katikati, baba anaiimbia bembea tupu, ndiyo maana unakwenda polepole. Mwisho ni filimbi tu.

"Mwisho kwa nini hauna maneno?" nikauliza.

"Kwa sababu baba ameshasema alichokuja kusema."

"Alikuja kumlaani," nikasema.

Nesi alicheka mpaka akashika meza. Akaitoa picha kwenye simu yake, akatafuta mwisho, na chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Nikasoma mwenyewe. Baba amesimama mlangoni, jasho linamtoka, anasema: Si wewe uliyetoka nyumbani kwangu. Mimi ndiye niliyetoka kwako. Nisamehe.

"Sasa mbona binti ndiye anayeinama?" nikauliza. "Mbona anamshika miguu?"

"Anamsalimia," akasema nesi. "Kwetu mtoto humgusa mzazi miguu apate baraka. Amemkaribisha."

Shikamoo. Binti alikuwa anatoa shikamoo, na sisi kambi nzima tulidhani anaomba radhi, kwa sababu kwetu anayekwenda chini mlangoni pa mtu amekosa. Na juu ya kosa hilo jitu lile lilijenga nyumba likahamia.

Jumapili baada ya ibada watu walikuwa wakila kwa Mkalimani. Nilikwenda na simu yangu, nikaiunganisha na televisheni yake, nikasema leo nimewaletea Baba Hasamehi, mpya, haina mvua. Kina mama wakashangilia. Mama Furaha akavuta kiti mbele. Mkalimani akafurahi jamani, akachukua rimoti akaishika karibu na mdomo kama maikrofoni, akaanza. Alibana pua, alinguruma, alilia kitoto. Nilimwacha. Tulipofika mlangoni pa kibanda, akapunguza sauti kama kawaida yake. Nikamnyang'anya rimoti, nikapandisha sauti, nikasoma maandishi ya chini kwa Kiswahili, neno kwa neno. Nikaeleza na ya miguu.

Mama Furaha aliweka sahani yake chini.

"Bon," akasema. "Donc siku yote ulikuwa unatudanganya, papa? Miye nililia ya bure?"

Mkalimani alikwenda jikoni. Nikamfuata, maana sikuwa nimemaliza naye.

Alikuwa amesimama mbele ya sinki, hafanyi kitu. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Mzee? Kitamil?"

"Macho ninayo. Mtu mzima hatembei jua lile lote kwenda kulaani. Kulaani unalaani ukiwa umekaa kwako. Siku ya kwanza tu nilijua anaomba radhi. Nilitaka kulisema, maikrofoni iko mdomoni. Nikawatazama wazee waliokaa mbele. Baba kumwomba mtoto msamaha? Wangelivunja lile banda. Nikasema la kuwafurahisha."

"Na Louisville uliwafurahisha kina nani? Kulikuwa na wazee gani sebuleni?"

Akafungua bomba, akalifunga. "Ukisema kitu miaka mingi," akasema, "unakizoea."

Nilimwambia yote niliyokuwa nayo moyoni. Sitayarudia hapa, mengine si ya kuandikwa. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Nikasema nampigia Jeanine sasa hivi ajue. Akanishika mkono.

"Usimwambie, mwanangu. Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Wewe una gari."

Sikumwamini. Lakini sikumpigia Jeanine, nikataka nione kama huyu mtu anaweza kusema neno moja la kweli bila kaseti mbele yake.

Tulitoka Ijumaa asubuhi. Alivaa suti, kapiga pasi mpaka kamba za viatu nadhani. Njiani alinitafsiria mabango ya barabarani, mimi ninayeendesha na ninayesoma Kiingereza. Alinieleza ziwa, alinieleza malori, alinieleza jinsi ya kushika usukani. Tulipoipita Cleveland akanyamaza. Nilimtazama mara kadhaa nikidhani amelala, kumbe macho yako wazi, midomo inacheza. Alikuwa anajaribu maneno.

Columbus wanakaa ghorofa ya chini, mlango unafunguka nje moja kwa moja, baridi ya siku ile ilikuwa ya kukata masikio. Jeanine alijua mimi naja. Hakujua naja na nani. Kabla sijabisha, mzee akanivuta koti.

"Nisemee," akasema. "Wewe unajua kupanga maneno. Mwambie Mzee anasema..." Akakwama. Mtu aliyewasemea Wahindi wote, Wachina wote na Roho Mtakatifu amekwama.

"Mimi sitafsiri," nikamwambia, nikabisha.

Jeanine alifungua akiwa na mtoto kiunoni. Alimwona mzee. Sikuwahi kufikiria jinsi baba yake alivyozeeka, kwa kuwa nilimwona kila siku na kila siku alinikera. Jeanine alikuwa hajamwona tangu Louisville. Alimtazama kichwa kilichokuwa cheupe, alimtazama shingo iliyopwaya kwenye kola iliyonyooshwa, na nikaona uso wake unaachia. Alinipa mtoto bila kunitazama.

Mungu wangu, nikaelewa anachofanya. Baba amekuja mwenyewe, njia ndefu, amesimama mlangoni. Na picha ile Jeanine anaijua kwa moyo, na alifundishwa inaishaje. Yeye aliyeapa, aliyeniambia mume wangu si kosa, alianza kwenda chini. Mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, goti linakunjika. Nikamhamishia mtoto begani nipate mkono wa kumzuia.

Mkalimani alimdaka mikono yote miwili kabla goti halijafika kwenye kapeti. Yeye mwenyewe nusura aanguke.

"Simama, mama," akasema. "Simama. Ule mwisho niliutafsiri vibaya."

Jeanine akamtazama, hakuelewa. "Mwisho gani, baba?"

"Wa picha. Yule baba hakwenda kulaani. Alikwenda kuomba radhi. Nilijua, nikawaambia kingine, nikakuambia na wewe kingine. Wewe hukutoka kwangu. Mimi ndiye niliyekutoa. Nisamehe, mwanangu."

Sauti hiyo nilikuwa siijui. Si ya tumboni, si ya kubana pua, nyembamba tu, ya mzee mwenye mafua. Nafikiri ndiyo ilikuwa yake.

Na kwa kuwa ni yeye, hakuishia hapo. Akaanza kueleza bembea, akaeleza wazee wa mbele na banda lao, akaeleza jinsi filimbi inavyokuja baadaye bila maneno na kwa nini haina maneno, akarudia tena kutoka mwanzo, Jeanine amemlalia kifuani analia suti ile yote inalowa. Mlango ulikuwa wazi, joto lote la nyumba linatoka nje, mtoto anapiga chafya begani kwangu, na hakuna aliyemwambia afupishe.